Kabla Upige Kitanda, Cheki Chini ya Dinga

Wasee wa Nyeri, rada ni hii. Mayut wamechanuka. Badala ya kulipia rumu Nanyuki kila wikendi, wanasaka HiAce mzee, ile shark ilikuwa inapiga matatu, wanang'oa viti, wanapiga kitanda ya mbao, tanki ya maji, gesi na sola juu ya paa, matatu inageuka kempa. Halafu mbogi inahepa. Form ni safi na naisapoti kabisa. Na sisi ndio tunafaa kuibeba mbele, juu hata Baden-Powell, buda mwenye alianzisha Skauti na kambi zao, amezikwa hapa Nyeri tangu 1941.

Ngori ni moja: chapaa yote inaishia kwa vitu za kupigwa picha, chini dinga inabaki vile ilinunuliwa.

Skia vizuri. Matatu inabebanga watu, wanapanda, wanashuka. Kempa inabeba mzigo hata ikiwa imepakiwa kejani. Lita 100 za maji ni kilo 100. Weka mbao, betri, friji na wasee wanne. Springi za nyuma zinalala, pua inainuka, taa zinachoma macho ya madere wenye wanakuja, na stelingi inakuwa nyepesi vibaya. Shuka na hiyo kitu kona za Othaya ama ipelekwe na upepo ukitoka Kiganjo kuenda Naro Moru, ndio utajua venye gari refu inayumba.

Kwanza jua kila chuma inafanya job gani. Shark mbele iko na toshonibaa, nondo ndefu yenye inajipinda gurudumu ikipanda. Nyuma ni springi za majani. Hizo mbili ndizo zinabeba uzito. Shokomzoba haibebi, inatuliza springi isiendelee kudunda. Ndio maana unaweza nunua shokomzoba mpya na dinga bado imelala nyuma. Bushi zinashikilia vyuma zisicheze. Stabilaiza inazuia bodi kulala kwa kona.

Sasa anza hapo chini kabisa: bushi, boljointi na tairodi, zile viungo za gurudumu na stelingi. Hizo zikiwa zimeisha, kila kitu mpya utaweka juu yake ni doh ya bure. Cheki pia tairi: ikiwa imelika vishimo vishimo, mara nyingi shokomzoba imekufa, ikilika upande mmoja, alaimenti imehama.

Pili, paki dinga vile utasafiri nayo, maji imejaa, kila mtu ndani, upande mizani ya malori. Pima mbele, pima nyuma. Hizo namba ndizo zinakuambia springi gani, si mabeshte. Nyuma ikiwa imezidiwa kidogo, fundi anaongeza jani. Ikiwa imezidiwa sana, nunua seti nzima ya huo uzito umepima, na uangalie kama gari yenyewe imeandikiwa kubeba hizo kilo. Springi ngumu haiongezi breki wala ekseli.

Tatu, shokomzoba zinunuliwe zikifuatana na springi, mbili mbili, kushoto na kulia. Kwa barabara ya mawimbi kama zile za kuingia Laikipia, mafuta ya ndani inapata moto na kutoa povu, na shokomzoba inaacha kazi ukiwa katikati ya safari. Zenye ziko na gesi zinavumilia zaidi.

Mwisho ni alaimenti, na presha ya tairi ifuate uzito mpya.

Kuna hii tabia ya kukaza bolti za toshonibaa ndio mbele iinuke. Inakaa noma kwa picha, lakini gurudumu inakosa nafasi ya kushuka, gari inagonga kwa kila shimo, boljointi inakaa kwa pembe mbaya. Ingine ni kuchoma springi mzee na moto ndio ipinde tena. Chuma ya springi inapata nguvu yake kwa kupashwa na kupozwa kwa mpango. Ukiichoma ovyo inalegea, na itarudi kulala.

Na hata ukifanya kila kitu, jua mipaka. HiAce ya magurudumu mawili haiendi Met Station ya Naro Moru, kwa mita 3,050, wala haipandi Aberdare mvua ikinyesha ndio ufike Karuru. Hiyo ni kazi ya 4x4. Kwa Naro Moru, paki chini, panda na miguu. Vitu nzito ziweke chini na katikati, paa ibaki ya sola tu. Na ukigeuza matatu kuwa kempa, badilisha karatasi NTSA na uambie bima.

Kwa hivyo mbogi ya Skuta, Ruring'u, Karatina hadi Nanyuki: bajeti ya kwanza iende chini ya gari. Kitanda inaweza ngoja mwezi ujao, lakini mabeshte wenye wamelala nyuma yako mkishuka kona wanategemea hizo springi leo.