Njia ya Umeme Kutoka Ibadakuli Hadi Imalilo: Kwa Nini Nguzo Ni Ndefu na Mkuza Ni Mpana

Kwa miaka mingi umeme wa Simiyu umeletwa kutoka mikoa jirani kwa njia ndefu za msongo wa kilovoti 33. Msongo huo hufaa kugawa umeme katika eneo dogo. Ukipelekwa mbali mno, sehemu ya nguvu hugeuka joto njiani, na mkazi wa mwisho huambulia taa hafifu na mashine ya kusaga isiyo na nguvu. Ndiyo sababu ya mradi wa TANESCO wa njia ya kilovoti 220 kutoka Ibadakuli, Shinyanga, hadi kituo cha kupoza umeme cha Imalilo, Bariadi, umbali wa zaidi ya kilomita 100.

Hesabu yake ni nyepesi. Msongo ukipanda kutoka kilovoti 33 hadi 220, mkondo unaohitajika kusafirisha nguvu ileile hupungua karibu mara 7. Upotevu nao hufuata mraba wa mkondo. Hivyo, kwa waya uleule, hupungua karibu mara 44. Kituoni transfoma huushusha msongo ili umeme ugawiwe vijijini.

Msongo mkubwa, hata hivyo, hudai nafasi. Nyaya hizo hazikuvikwa ganda lolote: kinga yake ni hewa, pamoja na vikombe vinavyozitenga na chuma cha nguzo. Mhandisi hapangi urefu wa nguzo kwa kuutazama waya asubuhi ya baridi. Huukadiria mchana wa jua kali ukiwa umebeba mzigo mkubwa, kwani alumini hutanuka na waya hushuka. Mahali njia inapokata kona, nguzo huwa nene zaidi kwa kuwa nyaya huivuta kwenda upande mmoja. Na katika mbuga zetu za udongo mweusi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msingi hauna budi kupita tabaka hilo au kujengwa kwa namna ya kulihimili. Waya mwembamba wa juu kabisa hausafirishi umeme. Kazi yake ni kupokea radi na kuipeleka ardhini.

Mkuza, yaani ukanda ulio wazi chini ya njia, hutokana na hesabu hizo hizo. Mti si lazima uguse waya. Kuukaribia tu kwaweza kuurukisha umeme. Moshi mzito na miali ya moto hudhoofisha kinga ya hewa vilevile. Wakulima wanaochoma masalia ya pamba baada ya mavuno wayakusanye mbali na mkuza.

Lipo pia jambo la vyuma vya nguzo. Kila kipande, hata kile chembamba kinachoonekana cha ziada, hushikilia vingine visipinde. Kikiibwa, nguzo huweza kusimama miezi kadhaa, kisha ikaanguka siku ya upepo mkali. Anayeona nguzo iliyong'olewa vyuma, au waya ulioanguka, asiusogelee, awazuie watoto na mifugo, na atoe taarifa TANESCO au kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa mara moja.