Jasho la Papa

Mama mmoja anayeishi Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, ameniletea swali lililonikaa kichwani wiki nzima. Alinunua papa mkavu sokoni Muheza siku ya jua kali. Alikuwa mkavu kweli, anasema, ukimgonga analia kama ubao. Akampandisha mlimani, akamtundika jikoni. Baada ya siku mbili za ukungu papa akaanza kutoka jasho, matone kabisa, na ile harufu yake inayochoma pua ikaamka upya. Anauliza: je, nimeuziwa papa mbovu? Na mbona nguru mkavu hanuki vile?

La kwanza lina jibu fupi. Hukuuziwa papa mbovu, mama. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi. Muheza mchana wa jua, hewa iko chini ya hapo. Amani iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukungu ukishashuka, hewa imepita mpaka huo na chumvi iliyomganda papa inalowa. Kopo lako la chumvi litakuonyesha jambo lile lile. Kwa hiyo lile jasho si la papa, ni mawingu ya Amani yaliyokuja kukaa juu ya chumvi yake. Marehemu bibi yangu alimweka papa kwenye uchaga, juu ya mafiga, na alikuwa sahihi kisayansi: hewa ikipata joto inakuwa na nafasi zaidi ya kubeba mvuke, unyevu wake unashuka chini ya ule mpaka, na chumvi inakauka tena.

La pili ndilo lililoninyima usingizi kwa furaha.

Sitaeleza papa ni samaki wa namna gani, wala habari za gegedu alilonalo badala ya mifupa. Hayo yamo katika kila kitabu cha shule. Ninachotaka tukitazame ni damu yake, kwa sababu harufu ya jikoni kwako ilianzia huko, papa akiwa hai, anaogelea.

Anza na samaki wa kawaida. Nguru, changu, kibua, wote hawa wenye mifupa, damu yao ina vitu vilivyoyeyuka kiasi cha theluthi moja tu ya vile vilivyomo katika maji ya bahari. Maana yake ni nzito: samaki aliye baharini anakauka. Maji yanamtoka kupitia matamvua, mchana na usiku, yanakwenda kwenye chumvi ya nje. Ili asife kiu katikati ya maji inambidi ainywe bahari yenyewe, kisha aitoe chumvi kwa matamvua yale yale, kazi inayomla nguvu kila dakika ya maisha yake. Papa hana haja ya kuinywa bahari kwa namna hiyo. Kwa nini?

Hapa inabidi nisimame kwenye neno. Vitabu vyetu huita mwendo huu wa maji osmosisi. Kwenye mtihani neno hilo linatosha, lakini jikoni halimwambii mtu kitu. Nimejaribu “mfyonzo”, nikaliacha: kufyonza kunahitaji mdomo, na hapa hakuna afyonzaye. “Mvuto” ni baya zaidi, maana chumvi haina kamba. “Upenyezi” linasema maji yanapenya, halisemi yanaelekea wapi. Nilitaka neno la mwendo wa taratibu, usio na msukumaji wala mvutaji, lakini ambao mwishowe unaonekana ulikuwa na upande. Kisha nikakumbuka tunavyomwambia mgeni: jongea karibu, jongea kivulini. Basi nitauita mjongeo. Maji yanajongea. Mwenye neno bora na alilete, lakini mpaka hapo mimi silitoi hili mdomoni.

Sasa twende harusini, maana mjongeo nimeuelewa vizuri zaidi harusini kuliko maabara. Kiwanja kimekatwa kati kwa wigo wa makuti. Makuti yana mianya: mtoto anapita, mtu mzima hapiti. Watoto ndio maji. Watu wazima ndio chumvi, sukari na kila kilichoyeyuka ndani ya maji. Watoto wanakimbia ovyo, hakuna aliyewaelekeza. Lakini upande wenye watu wazima wengi, mtoto akiingia tu anashikwa: huyu kapakatwa, yule katumwa kikombe, mwingine kang’ang’ania kanga ya shangazi yake. Walio huru kuirudia ile mianya wanapungua. Upande wenye watu wazima wachache, watoto wote wako huru, kwa hiyo wanaendelea kuvuka. Ikifika alasiri utawakuta watoto wamejazana kwenye wazee wengi. Hakuna aliyewavuta. Wamejongea.

Nguru ni ua mdogo wenye wazee wachache, uliojengwa ubavuni mwa harusi kubwa kuliko zote duniani. Watoto wake wanamtoroka kutwa kucha. Papa ameutengeneza ua wake kwa njia nyingine: ameujaza wageni, mpaka watu wazima wa ndani wakalingana na wa nje, hata wakawazidi kidogo. Hawezi kuujaza chumvi, kwa sababu chumvi nyingi kiasi hicho ingevuruga kazi za mwili wake. Wageni aliowaalika ni yurea.

Ndiyo, yurea ile ile. Mwili ukivunja protini hubakiwa na naitrojeni ya kutupa. Sisi tunaifunga katika yurea na kuitoa kwa mkojo. Papa anaizuia isitoke. Figo zake huirudisha mwilini, na matamvua yake yameumbwa hivi kwamba yurea haipiti kwa urahisi. Damu yake ina yurea zaidi ya mara 50 ya damu yako. Katika nyama yake mna karibu gramu 20 kwa kila kilo, na hicho ni kiasi kinachokaribiana na cha mkojo wetu. Staedeler na Frerichs ndio walioligundua jambo hili, mwaka 1858, na kila nikilisoma napata shauku upya: kitu ambacho viumbe wengine tunakitupa, papa amekifanya ukuta wa kuizuia bahari.

Lakini wageni hawa ni watundu. Protini ni uzi uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo ndilo kazi yake, nayo yurea huukunjua uzi huo. Katika maabara huitumia makusudi kuzikunjua protini. Kwa lugha ya harusi, wageni wa yurea wanatikisa nguzo za nyumba. Papa angelegea na kufa, kama asingewaalika wageni wa aina ya pili, watulivu, ambao kazi yao ni kuzishika nguzo. Jina lao ni trimethilamini oksidi. Paul Yancey na George Somero walionyesha mwaka 1979 kwamba wageni hawa wawili wakikaa kwa uwiano wa karibu wawili kwa mmoja, watikisa nguzo wawili na mshika nguzo mmoja, madhara ya yurea yanafutwa. Na huo ndio uwiano uliomo ndani ya papa.

Tanga ina shahidi wa pili wa habari hii. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wavuvi wetu wanaotega jarife, zile nyavu nzito za papa, wamekuwa wakimnasa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Ndiye aliyetufanya tukapata hifadhi ya bahari ya silikanti ya Tanga, mwaka 2009. Silikanti si wa ukoo wa papa hata kidogo. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na wewe na mimi. Hata hivyo Pickford na Grant walipoipima damu yake mwaka 1967 waliikuta imejaa yurea. Koo mbili zilizoachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, zimeletwa na bahari ile ile kwenye jibu lile lile, na siku nyingine zimeletwa na mvuvi mmoja kwenye jarife moja.

Sasa papa amekufa. Mvuvi amempasua, kamfungua kama kitabu, kampaka chumvi, kamtandaza kwenye chanja. Tazama kilichotokea: chumvi kavu juu ya nyama ni umati ambao hata bahari haina. Ile harusi ya nje ambayo papa aliishinda maisha yake yote imerudi ikiwa mara nyingi zaidi, na sasa hakuna figo wala matamvua ya kuizuia. Maji yote yanajongea nje. Bakteria nao ni nyua ndogondogo zenye wigo wao. Watoto wao wanawatoroka vilevile, wananyauka. Hiyo ndiyo sababu papa anakaa miezi bila barafu, na hiyo ndiyo njia aliyofikia Tanga na Unguja tangu zamani kwa majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni na pwani ya Somalia.

Si bakteria wote wanaokufa, na kabla chumvi haijaingia ndani vizuri wengine wameshakula. Wapo wenye kimeng’enya kinachoikata yurea ikawa amonia. Hiyo ndiyo inayochoma pua. Wapo wanaomnyang’anya mshika nguzo oksijeni yake, ikabaki trimethilamini, na hiyo Kiswahili kina jina lake zamani: shombo. Nguru ana shombo kidogo, kwa kuwa naye ana washika nguzo wachache, lakini ghala la yurea hana, basi hawezi kutoa amonia kama ya papa. Taa je? Taa ni wa ukoo wa papa, na ndiyo maana anachoma pua vilevile. Unyevu wa Amani ulipomlowesha papa wako juu juu, bakteria wavumilivu wakapata maji, wakarudi kazini.

Mkulima wa mahindi anaijua habari hii kwa pua yake. Ukimwaga mbolea ya yurea juu ya udongo wenye unyevu bila kuifukia, baada ya muda unasikia ule ukali. Ni bakteria wa udongoni, wanaikata yurea kwa aina ile ile ya kimeng’enya, na naitrojeni uliyoinunua inapaa. Wataalamu wa kilimo wanaposema ufukie, wanazungumzia kitu kile kile kinachotokea jikoni kwako.

Wengine duniani wamekwenda njia tofauti. Wakorea humwacha taa achachuke bila chumvi, amonia ikawa kali kiasi cha kuwazuia bakteria wengine wasiote. Wachina wa Guangdong wana soseji yao kavu, lap cheong, ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe: nyama na mafuta, chumvi, sukari na pombe ya mchele, vikatundikwa kwenye upepo mkavu wa msimu wa baridi. Sukari pale ni watu wazima kama chumvi, nayo inafanya mjongeo. Kisha vipande vichache vinawekwa juu ya wali unaoiva, mafuta yakashuka, sufuria nzima ikala. Nikisoma habari hiyo naona jiko la kwetu: kipande kidogo kikavu kinacholisha nyumba.

Basi papa wako mpike hivi. Mwoshe, mloweke usiku kucha, ubadili maji mara mbili. Chumvi, yurea iliyobaki na amonia vinaingia majini. Mbanike kidogo juu ya makaa mpaka ngozi ipasuke, umenye, umchambue nyuzi nyuzi ukitoa mchanga. Kitunguu, nyanya, bizari, tui jepesi kwanza na zito mwisho. Na lazima kuwe na kitu kichachu cha mti: embe bichi, ukwaju, mbirimbi au ndimu. Usidhani ni ladha tu. Amonia na shombo huruka kwenda puani vikiwa havina chaji. Asidi ya ndimu inavipa protoni, vinapata chaji, na chenye chaji hupenda maji kuliko hewa. Havikuondoka sufuriani, vimetia nanga. Mpishi wa kwanza wa pwani aliyeminyia ndimu papa alikuwa ametatua tatizo la kemia kwa kunusa tu. Kula na bada, ugali wa muhogo wa kwetu, au muhogo wa nazi. Wenye presha wapunguze, na papa wenyewe baharini wamepungua, basi kipande kidogo.

Jambo moja la mwisho, mama, kwa kuwa umesema una bustani nyuma ya jiko. Yale maji ya kulowekea usiyamwagie mchicha ukidhani kwa kuwa yana yurea ni mbolea ya bure. Chumvi yake itaukausha mchicha kama ilivyomkausha papa.