Kipimo cha pH: Tofauti Kubwa Katika Tarakimu Ndogo

Katika kemia, asidi, ambayo pia huitwa tindikali, ni dutu inayoongeza ioni za haidrojeni, yaani atomu za haidrojeni zilizopoteza elektroni na kubaki na chaji chanya, pindi inapoyeyuka katika maji. Besi, kinyume chake, huzipunguza ioni hizo, ama kwa kuzinasa yenyewe, ama kwa kutoa ioni za haidroksidi zinazoungana nazo kuwa maji. Na besi inayoyeyuka katika maji huitwa alkali. Ndimu na siki zina asidi, ilhali majivu, chokaa na magadi huyafanya maji kuwa ya kialkali.

Hata maji safi hayakosi ioni za haidrojeni, kwani katika nyuzi joto 25 za Selsiasi kila lita huwa na moli 0.0000001, moli ikiwa kizio cha kuhesabia chembe. Kwa kuwa tarakimu za namna hii ni taabu kuziandika na kuzilinganisha, mwaka 1909 mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alipendekeza ihesabiwe ni mara ngapi moja imegawanywa kwa kumi, na idadi hiyo ndiyo huitwa pH. Katika maji safi ni mara saba, na ndiyo maana pH yake ni 7. Kutokana na hesabu hiyo, asidi inapozidi pH hushuka, na kila hatua moja ya kipimo ni badiliko la mara kumi.

Uzito wa hatua hizo huonekana shambani, ambako udongo wenye pH 5 una ioni za haidrojeni mara kumi ya ule wenye pH 6, na chini ya takriban 5.5 alumini iliyofungwa katika madini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi, ingawa chai husitawi katika udongo wa aina hiyo. Damu ya binadamu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 7.35 na 7.45, ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1 huwa imeongeza ioni hizo maradufu, na mgonjwa huwa hatarini. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya, ambalo pH yake hufikia takriban 10, ioni hizo ni pungufu mara elfu moja kuliko katika maji safi. Samaki wengi hutoa taka ya amonia kupitia matamvua, lakini katika maji ya kialkali kiasi hicho amonia haitoki kwa urahisi, kwa hiyo samaki wa ziwa hilo, Alcolapia grahami, wa jamii ya perege, huigeuza kuwa urea.

Basi anayelinganisha vipimo viwili vya pH asiishie kutoa kimoja katika kingine, bali azidishe kwa kumi kwa kila hatua inayovitenganisha.