Usukani unaolegea katika matatu kuukuu ni hatari

MATATU ya abiria 14 iliyotimiza miaka 20 barabarani haiharibiki kwa siku moja. Huanza kwa mlio wa kugonga chini ya miguu ya dereva kila gurudumu linapotumbukia shimoni. Kisha usukani hulegea, na baadaye tairi za mbele hulika upande mmoja. Madereva wengi huzoea dalili hizo na kuendelea na safari, kwani siku moja ndani ya gereji ni siku isiyo na mapato.

Hatari kubwa iko kwenye boljointi, kifundo kinachoshikilia gurudumu la mbele. Ikichopoka gari likiwa mbioni, gurudumu hulala ubavu na usukani hauna kazi tena.

Fundi mwangalifu hanunui vipuri kabla ya kupima. Gari huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye vyuma imara, kisha gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki. Mchezo huo ukitoweka, kasoro ni beringi. Ukiendelea, aghalabu boljointi ndiyo iliyochakaa. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, mara nyingi kosa ni la tairodi.

Kubadilisha tairodi ni kazi nyepesi. Mizunguko ya ile ya zamani huhesabiwa inapofunguliwa, na mpya hufungwa kwa idadi iyo hiyo, ili gari lifike panapofanyiwa alainimenti bila kuvuta upande. Hesabu hiyo haichukui nafasi ya alainimenti yenyewe, ingawa wapo mafundi wanaodai hivyo. Pini nyembamba inayozuia nati isifunguke nayo huwa mpya; kurudisha ya zamani ni ubahili wa kushangaza.

Boljointi huhitaji tahadhari zaidi. Springi, ziwe za kawaida au zile fimbo za chuma zinazojisokota kama za Toyota Hiace za miaka ya 1990, hubaki na nguvu hata gari likiwa hewani. Mkono unaobeba gurudumu ukifunguliwa bila kuzuiwa kwa jeki, huweza kuruka na kumvunja fundi mfupa.

Bushi za mpira ndizo huharibiwa zaidi na pupa. Bolti zake zikikazwa gari likiwa limening'inia, mpira hunaswa katika hali hiyo, na gari linaposhushwa husokotwa saa zote hadi ukachanika. Sharti magurudumu yashushwe kwanza, uzani wa gari uyalalie, ndipo bolti zikazwe. Mmiliki anayelalamika kwamba bushi mpya hazikumaliza miezi miwili pengine hakuuziwa bandia. Alipata fundi mwenye haraka.

Shokabsoba zinazovuja mafuta hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Boljointi iliyochakaa nayo haichomelewi kamwe, kwani moto huharibu ugumu wa chuma chake na kuunguza grisi iliyo ndani.