Wagonjwa hewa: kompyuta ikishuku, tuiamini?

Kama umeajiriwa Kenya, asilimia 2.75 ya mshahara wako hukatwa kila mwezi kwenda SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hospitali ikidai malipo ya mgonjwa hewa, au ikiandika "amelazwa" kwa mtu aliyepewa dawa akarudi nyumbani, hiyo ni pesa yako.

Madai mengine hujiumbua yenyewe: mtu mmoja kulazwa hospitali mbili usiku uleule. Mengine programu huyashuku tu kwa kuwa hayafanani na ya wenzao.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kuna madai 1,000, na 20 kati yake ni ya uongo. Programu inanasa 18. Lakini inashuku pia, kimakosa, asilimia 5 ya yale 980 halali, yaani 49. Kwa hiyo kati ya 67 yaliyoshukiwa, mengi ni ya kweli!

Ukizuia malipo yote hayo, zahanati ya kijijini iliyotibu watu kwa uaminifu itaishiwa dawa. Basi kompyuta ikishuku, atumwe mkaguzi kwanza. Hukumu ingoje.