Simu ya upepo ya polisi: mmoja akisema, wote wanasikia

Ukikaa stendi ya Kange, hapa Tanga, kwa nusu saa tu utakuwa umeliona jambo hili. Askari amesimama kivulini, simu ya upepo ameibana begani. Mara inakoroma, sauti inatoka haraka haraka, maneno manne matano, kisha kimya. Askari hajibu, wala hageuki. Mama anayeuza maji pembeni yake anamwambia mwenzake, "Umeona? Wanamwita, kanyamaza."

Hajaitwa. Amesikia, ameshajua kuwa ujumbe ule ni wa mwingine, na ananyamaza makusudi, kwa sababu akibonyeza kitufe chake wakati huo atamharibia mwenzake aliyeitwa.

Wasikilizaji wetu wa vijijini hutuuliza mara kwa mara kwa nini polisi bado wanabeba vile vidude vyenye mikoromo ilhali kila mtu ana simu ya mkononi. Wengine huuliza swali zito zaidi: nikipiga 112 nikiwa Mkinga au Pangani, taarifa yangu inamfikiaje askari aliye kwenye gari? Maswali haya mawili yana jibu moja, na jibu hilo lina faida kwako siku utakapohitaji msaada.

Simu ya mkononi ni ya watu wawili. Ukimpigia OCS, mnasikilizana wewe na yeye tu. Akitaka kuwaambia askari wanane, apige mara nane, na kila mmoja ana simu inayotumika, isiyo na chaji au isiyopatikana. Simu ya upepo ni kama baraza. Wote waliowekwa kwenye chaneli moja wanasikia kitu kilekile kwa wakati uleule: chumba cha mawasiliano, gari la doria, askari wa miguu, na mkuu wao. Gari likiambiwa liende Pongwe, gari la pili limeshajua kuwa upande wa Pongwe kuna mtu, nalo linabaki lilipo bila kuulizwa.

Lakini baraza hili lina sharti gumu. Anasema mmoja tu. Ukishikilia kitufe, husikii. Ukikiachia, ndipo unasikia. Wawili wakibonyeza pamoja, wote wanapotea na inabaki miluzi na mikoromo. Ndiyo maana askari huongea kwa mkato, hutaja kwanza jina la anayemwita kisha jina lake la redioni, na humaliza kwa "ova", yaani nimemaliza, nakusubiri ujibu. "Auti" maana yake mazungumzo yamekwisha. Wale wa kwenye sinema wanaosema "ova end auti" kwa pamoja wanajipinga wenyewe, maana wanasubiri jibu na papo hapo wanafunga mlango.

Kwa kuwa sisi ni watu wa redio, turuhusuni kidogo. Mwaka 1928 polisi wa mji wa Detroit, Marekani, walikuwa wa kwanza kufanikiwa kuyatumia mawimbi ya redio kila siku kuyaita magari yao. Kabla ya hapo walikuwa wamepewa leseni ya stesheni ya burudani, hivyo walilazimika kupiga muziki, na katikati ya muziki ndipo wakatangaza gari lililoibwa. Askari ndani ya gari alisikia tu, hakuwa na njia ya kujibu, sawasawa na wewe unavyotusikiliza sisi. Magari yalianza kujibu mwaka 1933, katika mji wa Bayonne, jimbo la New Jersey.

Sasa kuna suala la umbali, na hapa wasikilizaji wa Lushoto watatuelewa upesi kuliko wa mjini. Mnajua redio yetu inavyokatika mkishuka zile kona kati ya Lushoto na Mombo. Ukiwa juu mlimani tunasikika vizuri, ukiingia bondeni kunabaki mchanga. Simu nyingi za upepo za kubeba mkononi zinatumia mawimbi ya ukoo mmoja na haya ya FM. Yanakwenda karibu sawa na macho yanavyoona, na mlima ukikaa katikati umeyafunga. Mtu aliyesimama ufukweni Raskazone anaona upeo wa bahari kama kilometa 4 hadi 5 tu, kisha dunia inajikunja. Simu mbili za mkononi zinazoongea moja kwa moja hazina miujiza ya kuvuka hapo kwa mbali.

Dawa yake ni mtambo wa kurudishia mawimbi, unaowekwa juu ya mnara au kilele. Unaipokea sauti dhaifu ya askari kwa masafa fulani na papo hapo unairusha upya kwa masafa mengine, ikiwa na nguvu. Mtambo mmoja mahali pazuri unaweza kuhudumia eneo kubwa la tambarare. Lakini mkoa wetu una pwani, una nyika ya Handeni na Kilindi, na una Usambara yenye mabonde kama vidole vya mkono. Palipo na kivuli cha mlima askari anafanya kama ufanyavyo wewe ukitafuta mtandao: anapanda kilimani. Ziko pia simu za upepo za masafa marefu, zile zenye waya mrefu uliotandazwa hewani kati ya nguzo mbili. Mawimbi yake hupanda angani, hugonga tabaka la juu na kurudi ardhini mamia ya kilometa mbali. Zinafika mbali kweli, ila sauti hupanda na kushuka kulingana na saa na hali ya anga, na huwezi kuzivaa begani.

Turudi kwenye 112. Ukipiga, aliyepokea si yule atakayekuja. Anasikiliza, anaandika, kisha anaichukua hadithi yako ya dakika tatu na kuifinya iwe sentensi moja au mbili za kusemwa hewani. Askari aliye njiani anaipata ile sentensi, si hadithi. Kama hukutaja mahali, sentensi haina mahali.

Tulijifunza hili kwa aibu. Usiku mmoja tulikuwa tunatoka Korogwe kurekodi kipindi, tukakuta lori limepinduka na dereva amebanwa mguu. Tukapiga simu. Mwenzetu, ambaye kazi yake ni kuongea, aliongea kweli. Alieleza lori lilivyolala, matairi yalivyokuwa, jinsi watu walivyoanza kukusanyika. Alipoulizwa ni wapi akajibu, "Tumetoka Korogwe, tumepita Segera kidogo." Kwake ilikuwa wazi kabisa. Lakini Segera ni njia panda. Ukitoka Korogwe na kupita Segera, unaweza kuwa unakwenda Tanga kupitia Hale na Muheza, na unaweza kuwa unakwenda Chalinze. Gari likaelekea njia ya Chalinze. Wanakijiji walimtoa yule dereva kwa mitaimbo kabla gari halijageuzwa. Mguu ulipona, lakini kosa lilikuwa letu, na hatukuweza kumlaumu mtu.

Tangu siku hiyo sisi tunaanza na mahali. Mkoa na wilaya kwanza, kwa kuwa anayepokea huenda hajawahi kukanyaga kijijini kwako, na jina kama Majengo halina uhaba nchini. Kisha kata, kijiji, na kitu kisichohama: shule, zahanati, daraja, mnara wa simu. Barabara kuu zina vibao vya kilometa, soma namba. Taja unakotoka na unakokwenda. Nyumba nyingi zilipata namba na jina la barabara katika kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, na ile namba mlangoni ambayo wengi tuliiona kama mapambo inamaliza ubishi wa "kwa mzee fulani". Baada ya mahali ndipo useme kuna nini, wameumia wangapi, kuna silaha au hakuna. Usikate simu mpaka uambiwe, kwa sababu gari likikwama kwenye njia panda ni wewe utakayeulizwa. Kama ni moto, namba ya Zimamoto ni 114. Na kama kata yenu ina askari wake, Polisi Kata, iandike namba yake leo ukutani.

Watoto wanaopiga 112 kwa mchezo hawamchezei mpokeaji peke yake. Taarifa ya uongo ikisharushwa hewani inaichukua ile chaneli, na inaliondoa gari mahali palipokuwa na shida ya kweli.

Shida nyingine si ya mpiga simu. Vyombo tofauti vikiwa na chaneli tofauti, kila kimoja kinaweza kuwa kinasikilizana vizuri huku vyote kwa pamoja ni viziwi. Jirani zetu wa Kenya walilipia somo hilo kwa damu. Jengo la Westgate jijini Nairobi liliposhambuliwa tarehe 21 Septemba 2013, kikosi maalumu cha polisi kiliingia, baadaye na wanajeshi wakaingia, bila njia moja ya kuongea. Walirushiana risasi wao kwa wao, na ofisa wa kikosi cha polisi akafa. Watu 67, mbali na washambuliaji, waliuawa katika tukio lile. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliingia mkataba na kampuni ya Safaricom kujenga mfumo mpya wa mawasiliano ya polisi, ukianzia Nairobi na Mombasa. New York nako, Septemba 2001, marubani wa helikopta za polisi waliona jengo linaelekea kuanguka wakaonya kwenye redio yao. Wazima moto waliokuwa ndani walikuwa kwenye redio nyingine.

Je, mwananchi anaweza kununua simu ya upepo akawasikiliza polisi? Vidude vya bei rahisi vimejaa madukani, na vijana wa ulinzi shirikishi wametuuliza. Jibu ni hapana. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, masafa hutumika kwa leseni ya TCRA, hata sisi watangazaji tuna yetu na hatuvuki mpaka. Masafa ya polisi hatuyajui na tungeyajua tusingeyaandika hapa. Mwizi akisikia gari linakokwenda, yeye anakwenda kwingine. Miji mikubwa ya Marekani, ambako waandishi na wananchi walizoea kusikiliza polisi kwa miaka mingi, sasa inazifunga chaneli kwa sauti ya siri. Polisi wa New York walianza mwaka 2023. Waandishi wenzetu kule wamelalamika kwamba umma umezibwa masikio, na kama wanahabari tunawaelewa. Hata hivyo, tukipima ng'ombe walioibwa Kilindi dhidi ya habari ya moto moto, tunamchagua mwenye ng'ombe.

Ipo chaneli moja ambayo haikufungwa, nayo ni ya watu wa bahari. Ndugu zetu wa Kigombe, Kipumbwi, Moa na Mkwaja, chaneli 16 ya redio za VHF za baharini ni ya dharura na ya kuitana, dunia nzima. Meli zinazopita zinatakiwa kuisikiliza muda wote. Ukizama hautafuti polisi ni nani. Unasema "Mayday" mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo, shida ni nini, mko wangapi, kisha unaachia kitufe usikilize. Mahali panatangulia shida, kama ilivyo kwa 112. Ukisikia mwingine anaita, nyamaza kwanza, kama yule askari wa Kange, mpaka ujue kama yupo aliye karibu naye kuliko wewe. Redio ya mkononi kutoka ndani ya ngalawa haitafika mbali, kwa kuwa umekaa chini karibu na maji. Simama, au mpe aliye mrefu kuliko wote. Na betri ichajiwe kabla ya kuondoka, si siku ya pili mkiwa mbali na pwani.