Je, Wajua? Kuta za Mji Mkongwe Hula Chaji ya Simu

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa kama miezi 3 bila umeme wa gridi, baada ya hitilafu ya njia ya chini ya bahari inayotoka bara. Wenye jenereta walichajisha simu za watu kwa malipo. Lakini chaji ya simu huenda wapi?

Sehemu yake moja kubwa huliwa na redio iliyomo ndani ya simu, inayotuma na kupokea mawimbi. Redio hiyo haitumi kwa nguvu moja siku zote. Mnara huisikiliza, kisha huiagiza ipandishe au ishushe. Katika mtandao wa 2G wa megahezi 900, simu huweza kutuma kwa wati 2. Ikiwa karibu na mnara hushuka hadi miliwati chache tu, tofauti ya mara mia kadhaa.

Sasa ingia nayo nyumba ya Mji Mkongwe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi, na matumbawe yana vitundu vinavyonyonya unyevu. Jiwe lenyewe hudhoofisha mawimbi, na maji yaliyomo huzidisha. Kwa hiyo simu iliyo chumba cha nyuma, chini, hulazimika kupandisha nguvu kila inapotuma. Isogeze dirishani au ipandishe ghorofani, uone alama za mtandao zinavyoongezeka. Ikikosa mtandao kabisa ni balaa zaidi, maana hupekua masafa moja baada ya jingine, tena na tena. Hapo bora uiweke katika hali ya ndege.

Mtandao ukishika vizuri, redio hulala. Huamka kila baada ya sekunde moja au mbili, husikiliza kama inaitwa, ikalala tena. Kwangu huu ndio ufundi mkubwa kuliko wote uliomo humo.

Na watu wawili waliokaa baraza moja, mmoja akimrushia mwenziwe video ya harusi? Kwa WhatsApp, video hupanda mnarani, huvuka bahari hadi kompyuta za ng'ambo, kisha hurudi palepale barazani. Bluetooth ya simu hurusha moja kwa moja, mara nyingi kwa miliwati chache, masafa ya mita 10 hivi. Picha moja yaitosha. Lakini video nzito itume kwa waifai ya simu kwa simu: hula umeme mwingi kwa sekunde, ila humaliza upesi mno hata jumla yake ikawa ndogo.

Baada ya kutuma kwa mtandao wa mnara, redio hubaki macho sekunde kadhaa ikingoja kama kuna jingine. Ndiyo maana jumbe 10 zilizotumwa mojamoja, kila dakika moja, huigharimu betri zaidi kuliko hizohizo zikitumwa kwa mkupuo.